Kiini au Kiinimacho? Hoja Dhidi ya Neno Moja Katika Uhakiki Wetu

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili hakuna neno linalofanyishwa kazi nyingi kwa ujira mdogo kama neno 'kiini'. Tunalikuta katika maswali ya mitihani, katika miongozo ya vitabu teule, katika tasnifu za uzamili na, hatuna budi kukiri, katika makala za majarida kama hili. Kiini cha riwaya, kiini cha mgogoro, kiini cha dhamira, kiini cha ujumbe. Mhakiki akiishiwa na la kusema hutaja kiini, na msomaji huitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa jambo.

Makala hii inadai kwamba aghalabu hajaambiwa kitu. Inadai, fauka ya hayo, kwamba neno hili limegeuzwa ghala ambamo tumetupa maneno kadhaa ya Kiingereza yasiyofanana, na kwamba mrundiko huo umetufundisha kuisoma vibaya fasihi yetu wenyewe. Sitajifanya mtazamaji wa mbali katika shauri hili. Naanza na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa miongoni mwa wasahihishaji wa mtihani wa ushairi katika chuo kikuu ambacho sina haja ya kukitaja. Watahiniwa walikuwa wamesoma shairi la Abdilatif Abdalla, 'Mnazi: Vuta N'kuvute', na swali mojawapo lilikuwa fupi: eleza kiini cha shairi hili, alama nne. Mwongozo wa kusahihisha ulitarajia jibu la namna moja tu, kwamba ndugu wawili wanagombania mnazi, na kwamba ugomvi wao ni mfano wa ugomvi wa mali na madaraka katika taifa. Mtahiniwa mmoja aliandika sentensi mbili. Alisema kwamba kiini cha shairi hili ni kule kujibizana kwenyewe. Ukimwondoa mmoja wa wasemaji ukamwacha mwenzake, alieleza, utabaki na malalamiko yenye vina, wala hutabaki na shairi hili.

Nilimpa sifuri. Mwongozo haukuwa na nafasi ya jibu lake, nami sikuwa na ujasiri wa kutoka nje ya mwongozo.

Ilinichukua muda kung'amua kilichotokea. Aliyetunga swali alikuwa akifikiri 'gist' akaandika 'kiini'. Mtahiniwa alisoma 'kiini' akalijibu kwa maana ambayo Waingereza wangeiita 'essence'. Msahihishaji, ambaye alilipwa kwa kila karatasi, hakufikiri lolote. Kati ya watu hao watatu aliyekitumia Kiswahili kwa uangalifu ni mmoja, na ndiye aliyeadhibiwa.

Maneno yasiyo mapacha

Tuanze na Kiingereza chenyewe, maana tumezoea kukiiga bila kukihoji. Kamusi zetu na mihadhara yetu huyapanga maneno 'gist', 'crux', 'essence', 'core', 'kernel', 'pith' na 'marrow' kama watoto wa mama mmoja. Hayakuzaliwa nyumba moja.

'Gist' lilizaliwa mahakamani. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuja kuwa lugha ya mawakili na mahakimu kwa karne kadhaa. Wakili aliyetaka kuonyesha kwamba madai yana mguu wa kusimamia alitumia kitenzi cha Kifaransa cha kale chenye maana ya kulala: daawa hii inalala hapa. Kwa hiyo 'gist' halikuwa jina la kitu kilichofichwa ndani ya kingine. Lilikuwa jina la sakafu ambayo daawa imeilalia. Sakafu ikivunjwa daawa nzima huanguka, hata kama maelezo yake mengine yote ni ya kweli. Baadaye neno lilitoka mahakamani, likalegea, hata likawa na maana ya yale makuu yanayoweza kusimuliwa kwa ufupi. Hiyo ndiyo maana tuliyoikuta sisi.

'Crux' ni msalaba kwa Kilatini. Wanazuoni waliosahihisha matini za kale walilitumia kutajia mahali panapomtesa mfasiri, pale ambapo kila anayejaribu kueleza huangikwa. Hadi leo wahariri wa matini hizo huweka alama ya kisu au msalaba penye neno lililoharibika kiasi kwamba wamekata tamaa ya kulirekebisha. Basi 'crux' ya shairi, kwa asili, si muhtasari wake. Ni pale muhtasari unapotushinda.

'Essence' lina historia ya kifalsafa. Warumi walihitaji neno la kutafsiria 'ousia' ya Wagiriki, wakaunda 'essentia' kutokana na kitenzi chao cha kuwa. Swali la 'essence' ni swali la kuwepo: ni kipi ambacho kitu kikikikosa hakiwi tena kitu kile? 'Quintessence' ni mwendelezo wa safari hiyo. Lilikuwa jina la asili ya tano, juu ya udongo, maji, hewa na moto. Katika karne ya 14 wanaalkemia wa Ulaya walidai wanaweza kuipata kwa kukeneka tena na tena. Hapa tuna taswira ya mvuke na moto: kiasi kidogo kilichobaki baada ya mengi kuondolewa.

Maneno yaliyosalia ni ya shamba na jikoni, na hayo nayo hayakubaliani. 'Kernel' ni punje, na punje hupandwa ikaota. 'Marrow' ni uboho, nao hunyonywa mfupa ukishavunjwa. 'Pith' ni ile nyama laini iliyo katikati ya bua. 'Core' ni sehemu ya katikati ya tofaa, ambayo kwa kawaida mlaji huitupa. Anayesema 'kernel' ya hoja anaahidi mmea. Anayesema 'marrow' anaahidi lishe itakayopatikana kwa kuvunja. Anayesema 'core' ametumia, bila kukumbuka, jina la kile ambacho watu hawakili.

Najua pingamizi litakalotolewa hapa, na ni la haki. Asili ya neno si maana yake. Mwingereza wa leo anaposema 'gist' hamkumbuki wakili wa Kinormani, wala hasikii maumivu ya msalaba anapotamka 'crux'. Nakubali. Lakini matumizi yamehifadhi tofauti hata pale kumbukumbu ilipozihifadhi vibaya. Mtu aliyechelewa mkutano huomba apewe 'gist' ya yaliyosemwa. Hawezi kuomba apewe 'marrow' yake. Mwanafalsafa huuliza 'essence' ya haki, na angechekwa akiuliza 'gist' yake. Mwanasheria hutafuta 'crux' pale tu panapobishaniwa. Mzungumzaji hahitaji kujua historia ya maneno haya ili asiyachanganye. Sisi tuliyachanganya kwa sababu tuliyapokea yote kwa mkono mmoja.

Kiini kabla ya kunyang'anywa kazi zake

Ingekuwa jambo jepesi kama lawama ingekiangukia Kiswahili, kwamba ni lugha yenye neno moja pale wenzao wana saba. Hali haiko hivyo. Hata neno 'kiini' peke yake, kabla halijaingizwa katika mihadhara yetu, lilikuwa na upana ambao sisi tumeubana.

Tutazame matumizi ya kila siku. Kiini cha yai ni chakula, tena ndicho kifaranga kinachokula kabla ya kuanguliwa. Kiini cha mti ni jambo jingine kabisa. Ukikata gogo la mpingo utaona ukingo mweupe na katikati nyeusi. Mchongaji huutupa weupe na kuufanyia kazi weusi, kwa kuwa ndio mgumu, ndio unaodumu. Angalia basi ajabu ya kamusi: 'pith' ya Kiingereza ni ulaini ulio katikati ya bua, na kiini cha mpingo ni ugumu ulio katikati ya gogo, lakini maneno hayo mawili huwekwa kando kwa kando kana kwamba moja ni kivuli cha jingine.

Kisha kuna kiini cha jicho, yaani mboni. Hicho si chakula wala si mbao. Ni tundu. Ni uwazi ambao mwanga hupitia ili jicho lione. Kiini cha aina hii hakitolewi nje kikatiwa mkononi, na anayejaribu kukitoa hapati kitu ila hupofusha. Hatimaye kuna kiinimacho, ile sanaa ya mfanya mazingaombwe ambaye huufanya umati uone kisichokuwepo. Wahenga waliounda neno hilo walijua kwamba pale penye kiini cha jicho ndipo mahali pa kudanganyikia.

Kwa hiyo 'kiini' cha Kiswahili kilikuwa na chakula, ugumu, uwazi na hila. Uhakiki wetu ukachukua picha moja tu, ile ya punje ndani ya ganda, na ukalifanya neno zima liitumikie. Tukaanza kuamini kwamba kila kazi ya fasihi ni ganda lenye punje, kwamba kazi ya mhakiki ni kubangua, na kwamba lugha, umbo, sauti na mpangilio ni maganda ya kupepetwa. Ile tabia ya kugawa kila insha katika mafungu mawili, 'maudhui' kwanza na 'fani' baadaye, ambayo imelemaza vizazi kadhaa vya wanafunzi wetu, ina mizizi mingi. Mmoja wa mizizi hiyo ni picha hii. Fani ni kapi na maudhui ni nafaka. Nani basi atajisumbua na kapi?

Tukijua hivi tunaweza pia kuelewa kwa nini istilahi zetu nyingine zimeyumba. 'Dhamira' kwa mmoja ni nia ya mtunzi, kwa mwingine ni wazo kuu la kazi, na kwa wa tatu ni tawi mojawapo la maudhui pamoja na ujumbe, msimamo na falsafa. Mwanafunzi anayevuka mpaka wa Kenya na Tanzania na vitabu vyake mkononi hana budi kubadilisha maana hizi kama anavyobadilisha fedha. Jitihada za kuyadhibiti mambo haya zimekuwepo. Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila, iliyotoka mwaka 2003, ni mfano wa kazi ambayo kila idara inapaswa kuwa nayo mezani. Lakini kamusi haiwezi kumwokoa mwalimu ambaye hajaamua anauliza nini.

Hasara tuliyoipata

Huenda msomaji akaniambia kwamba nafanya mzaha wa maneno huku fasihi inatungoja. Nitajibu kwa mifano miwili ambamo gharama haikuwa ya maneno tu.

Mfano wa kwanza ni mgogoro wa ushairi. Tangu miaka ya 1970, baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi kutoa Malenga wa Bara mwaka 1976, wasomi na malenga walibishana kwa ukali kuhusu iwapo tungo zisizo na vina na mizani ni mashairi ya Kiswahili. Upande mmoja ulisimama juu ya msingi ambao Kaluta Amri Abedi alikuwa ameuandikia kanuni mwaka 1954, na ambao Ibrahim Noor Shariff aliutetea kwa hoja za kihistoria katika Tungo Zetu mwaka 1988. Upande wa pili ulisema kwamba ushairi uko katika fikra, hisia na picha, na kwamba arudhi ni vazi linaloweza kubadilishwa.

Nimeyafundisha mabishano hayo kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoyarudia ndivyo ninavyoona kwamba wabishani wengi hawakuwa wakijibu swali moja. Mwanajadi aliuliza swali la kuwepo: ni kipi ambacho utungo ukikikosa hauwi tena shairi katika mapokeo ya Waswahili? Mwanausasa alijibu swali la thamani: ni kipi kinachoufanya utungo ustahili kusomwa? Inawezekana kabisa wote wawili wawe na haki. Vina na mizani huweza kuwa sharti la kuitwa shairi katika mapokeo fulani bila kuwa ndivyo vinavyolipa shairi uzito wake, kama vile mfupa ulivyo sharti la kusimama bila kuwa ndio uhai. Nasi walimu, tulipoyafupisha mabishano hayo kwa ajili ya wanafunzi, tuliyaweka chini ya kichwa kimoja: 'Kiini cha Ushairi'. Kwa kufanya hivyo tulihakikisha hayatakwisha. Watu wawili wakipewa neno moja lenye maswali mawili watagombana hadi kiama, na kila mmoja atakwenda kaburini akiamini mwenzake ni mkaidi.

Mfano wa pili unarejea kwenye karatasi niliyoipa sifuri. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya kijitabu chake cha kisiasa, Kenya: Twendapi?, alichokiandika mwaka 1968. Alitoka gerezani mwaka 1972, na mashairi aliyoyatunga humo yakachapishwa mwaka 1973 kwa anwani ya Sauti ya Dhiki. Tujiulize: katika mazingira yale, ni nani wa kwanza kutaka 'gist' ya shairi? Si mpenzi wa ushairi. Ni askari wa gereza. Mtu wa usalama akiokota karatasi yenye beti hana haja ya vina vya kati wala vya mwisho. Anataka kujua, kwa kifupi, linasema nini na linamsema nani. Mtunzi aliyefungwa hulijua hilo, ndiyo maana hutumia fumbo. Fumbo ni umbo lililoundwa makusudi ili limnyime msomaji wa aina hiyo anachokitafuta, na limpe msomaji mwingine zaidi ya alichokuja nacho.

Sasa tazama tunachokifanya darasani. Tunalichukua shairi lililojengwa likatae kufupishwa, tunamwamuru mwanafunzi alifupishe, kisha tunamtunuku alama nne kwa kufaulu pale mlinzi wa gereza aliposhindwa. Jibu la mwongozo, kwamba ugomvi wa mnazi ni ugomvi wa mali na madaraka, halina uongo. Lakini ni jibu ambalo polisi angeridhika nalo. Linatuambia mnazi ni nini, halituambii kwa nini ndugu hao walipaswa kusikika wote wawili, Alii na Badi, kila mmoja kwa sauti yake na kwa haki yake anayoiona. Katika nchi ambayo mtu mmoja alikuwa amefungwa kwa kuuliza swali, kutunga shairi ambamo hakuna msemaji anayenyimwa zamu yake ni tendo la kisiasa kuliko mfano wowote wa mnazi. Mtahiniwa wangu aliliona jambo hilo kwa sentensi mbili. Aliona kwamba kiini cha shairi hili ni kama kiini cha jicho: ni uwazi ulio kati ya sauti mbili, wala si kitu cha kutoa na kuweka mezani.

Na maadamu tumeutaja mnazi, hebu tuusikilize. Nazi ni tunda linaloikebehi picha ya ganda na punje. Ukishaondoa makumbi na kuvunja kifuu hukuti punje katikati. Unakuta maji, na nyama iliyoushika ukuta. Utamu wake haupatikani kwa kuvunja tu. Sharti uketi juu ya mbuzi ukune, utie maji, ukamue, uchuje. Tui la kwanza, kasimile, ndilo zito. Ukirudia utapata jepesi zaidi. Chicha kinachobaki hutupiwa kuku. Mpishi yeyote wa pwani anajua kwamba tui halikuwemo ndani ya nazi likisubiri kama yai. Lilitokana na nazi, na maji, na mkono uliokamua. Kama twahitaji picha ya namna maana inavyopatikana katika shairi, kwa nini tuliazima tofaa ambalo wengi wetu hatukulipanda?

Je, Kiswahili hakina maneno?

Linabaki pingamizi ambalo husemwa kwa huzuni ya kujifanya: 'Ni kweli, lakini tufanyeje? Kiswahili hakina maneno ya falsafa.' Wanaosema hivyo hawajui kwamba malalamiko yao ni ya zamani sana, na kwamba yalitolewa kwanza na wenye lugha tunayoiogopa. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Seneca alimwandikia rafiki yake Lucilius barua, ya 58 katika mkusanyiko wake, akilalamikia ufukara wa Kilatini mbele ya Kigiriki. Neno alilokuwa akiliombea radhi kulitumia, akajikinga kwa jina la Cicero, lilikuwa 'essentia'. Neno ambalo leo msomi wetu hulitaja kama ushahidi wa utajiri wa lugha za Ulaya liliingia duniani likiombewa msamaha kama mgeni asiyealikwa.

Wala Kiingereza hakikuzaliwa tajiri. 'Pith', 'kernel' na 'marrow' ni vya kwao. 'Gist', 'crux', 'essence' na 'substance' ni vya kuazima, vingine vilipitia Ufaransa na vingine vilichukuliwa moja kwa moja kutoka Kilatini. Utajiri wao ulitokana na kuazima neno pamoja na kazi yake, kisha kulinda mpaka wa kazi hiyo.

Sisi tumefanya nini na vya kwetu? Tunalo neno 'dhati'. Wanazuoni wa Kiislamu wa pwani yetu hutofautisha dhati ya Mungu na sifa Zake, tofauti ambayo ndiyo hasa swali la 'essence' linaihitaji. Sisi tumeliacha neno hilo lifanye kazi ya kupamba shukrani: nashukuru kwa dhati. Tunalo neno 'jauhari'. Wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu walilitumia kutafsiria 'ousia' ile ile iliyowahangaisha Warumi. Lilifika kwetu, na tumelifungia katika sanduku la vito. Tunayo 'batini' na 'dhahiri', maneno ya wale waliosoma matini takatifu wakijua kwamba zina tabaka. Tunao 'msingi', ambao ni sakafu ya wakili wa Kinormani bila haja ya Kifaransa. Tuna 'fundo', na kila aliyewahi kufungua kamba iliyolowa anajua tofauti ya fundo na muhtasari. Tunalo 'shina', tuna 'mtima', tuna 'uti wa mgongo', tuna 'kitovu'. Tuna 'muhtasari' na 'ikisiri', ambazo tunaziandika mwanzoni mwa tasnifu na kuzisahau ukurasa unaofuata.

Lugha yenye orodha hiyo haina ufukara. Ina watumizi wanaofikiri kwa lugha nyingine kisha wanakuja kuokota kwetu neno la kwanza lililo karibu na mlango. Sijitoi. Nilisoma nadharia yote kwa Kiingereza, kama walivyosoma wengi wa wanaonisoma hapa. Ninapoandaa mhadhara, mara nyingi wazo hunijia likiwa limevaa Kiingereza, na dakika kumi kabla ya kuingia darasani hulivua nguo na kulivisha 'kiini'. Kosa si kusoma kwa Kiingereza. Kosa ni kutafsiri kwa haraka tukidhani haraka hiyo haina matokeo.

Mapendekezo na hitimisho

Sipendekezi neno 'kiini' lipigwe marufuku. Maneno hayafi kwa amri ya wahadhiri, na hili lina haki ya kuishi kuliko wengi wetu. Napendekeza liondolewe katika kazi za istilahi hadi mwenye kulitumia aeleze ni kiini cha yai, cha mpingo au cha jicho. Badala yake tuulize maswali manne ambayo mpaka sasa tumeyafungia katika swali moja, na kila swali tulipe neno lake.

Tukitaka kujua kazi inasema nini kwa maneno machache, tuulize muhtasari wake, na tukumbuke kwamba hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Tukitaka kujua hoja ya kazi imelalia wapi, kiasi kwamba sakafu hiyo ikivunjwa yote itaanguka, tuulize msingi wake. Tukitaka kujua ni kipi kikiondolewa kazi haiwi tena kazi hii, tuulize dhati yake. Na tukitaka kujua ni wapi inapotushinda, wapi tafsiri zetu zinagongana na hakuna inayokubali kutoka, tuulize fundo lake. Riwaya dhaifu huwa na muhtasari mzuri na haina fundo. Shairi kubwa huweza kuwa na fundo kila ubeti na muhtasari usiofaa hata kuandikwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza yote manne hatauliza tena kwa nini twasoma kitabu kizima ilhali mwongozo unauzwa mlangoni.

Pendekezo hili halihitaji bajeti wala kamati ya kitaifa. Linahitaji mwalimu asome swali lake mara mbili kabla ya kulipeleka kupigwa chapa, na ajiulize: hapa nilikuwa nikifikiri nini? Linahitaji msimamizi wa tasnifu aweke mstari chini ya kila 'kiini' na amrudishie mwanafunzi bila huruma, kisha afanye vivyo hivyo kwa makala yake mwenyewe. Nimelifanya jambo hilo kwa makala zangu za zamani. Katika nyingi nilikuta nilitumia 'kiini' pale hasa ambapo sikuwa nimejua ninachosema. Msomaji alikuwa ameona kitu. Lakini mfanya mazingaombwe naye huwaonyesha watu kitu.

Ama yule mtahiniwa, karatasi yake haiwezi kurudi. Alama zilikwisha ingizwa, vyeti vikatolewa, na sijui aliko. Hakukata rufaa, na huenda aliamini nilichomfundisha kwa wino mwekundu, kwamba hakuelewa shairi. Alilielewa kuliko mwongozo na kuliko msahihishaji. Alistahili nne juu ya nne, na hili nalisema hadharani katika kurasa ambazo walimu wenzangu husoma, kwa sababu najua mwaka huu kuna karatasi nyingine kama yake inayongoja kalamu ya mmoja wetu.

Kabla hujaandika sifuri, soma swali.